Udi Mlangoni mwa Chumba cha Chai

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Shimanzi nikinukia kama bwana harusi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameamka mapema, akatia makaa kwenye chetezo, akanifukiza udi shati, suruali na hata leso ya mfukoni. Kwetu Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, mtoto hatumwi kwenye jambo la heshima akiwa na harufu ya sabuni tu. Watu wa huko anakokwenda wajue kwamba ana mama, na mama ana adabu. Nilitembea hadi kwenye magodauni nikiwa nimenyoosha shingo, nikikwepa malori, na kila aliyenipita alinigeukia.

Nilikuwa nimeajiriwa karani wa sampuli katika kampuni ya udalali wa chai. Nyinyi vijana mnaokunywa chai kila siku bila kujiuliza inapitia wapi, nitegeeni kidogo masikio. Chai ya bara huteremka Mombasa kwa malori, ikapangwa godauni, kisha dalali huiuza mnadani kwa niaba ya wakulima. Lakini hakuna mnunuzi anayenunua asichokijua, kwa hivyo kila fungu la magunia lazima litobolewe kwa chuma chenye tundu, yatolewe majani kiasi cha konzi mbili, yatiwe kwenye kopo na kuandikwa namba. Hiyo ndiyo sampuli. Inapanda ghorofani kwenye chumba cha kuonja, na huko mwonjaji huamua chai ile ni ya daraja gani na yafaa soko lipi.

Pale langoni nilipokewa na Msimamizi wa Sampuli, Mzee Charo, Mgiriama mfupi mwenye sauti ya chini. Hakunipa mkono. Alinusa mara moja, akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye mfereji nyuma ya godauni.

"Naona umetoka kwa watu," aliniambia. "Lakini chai hula harufu, mwanangu. Ukisimama karibu na gunia lililo wazi na udi huo, kufikia adhuhuri gunia zima lanuka arusi. Mzungu wa juu akikunusa, leo hii unarudi kwenu, wala hatakwambia kwa nini."

Alinivua shati, akanipa koti lake la kaki, akanionyesha pa kujiosha mikono na shingo. Tangu siku ile nilikuwa navaa nguo za kazi zilizoanikwa juani peke yake, mbali na chetezo cha mama. Kitunguu nikakiacha asubuhi, pilipili nikaihamishia chakula cha usiku. Mama alidhani nimeanza kumwonea haya. Nilimweleza mara tatu ndipo akakubali, naye hakukubali kwa moyo.

Godauni nilikaa miaka miwili, kisha nikahamishiwa Mbaraki kusimamia mizigo iliyokwishauzwa, kisha nikarudishwa Shimanzi, safari hii ghorofani, kuwa mwandishi wa chumba cha kuonja. Kazi yangu ilikuwa kushika daftari na kuandika anayoyasema mwonjaji. Chumba kilikuwa na madirisha makubwa yasiyopigwa na jua, na meza ndefu nyembamba iliyopangwa vikombe vyeupe kama meno. Kila kikombe kilitiwa majani yaliyopimwa kwa mizani ndogo, yakamwagiwa maji yaliyochemka mara moja tu, yakafunikwa kwa dakika zilizohesabiwa. Maji yaliyochemshwa mara ya pili hayatumiki, maana yamekufa na huiua chai nayo. Kisha chai humiminwa bakulini, majani yakabaki kifunikoni ili yatazamwe rangi. Mwonjaji hupita na kijiko, akafyonza kwa kishindo ambacho mama yangu angenipiga kofi kwacho, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye ndoo yenye magurudumu iliyomfuata nyuma.

Mwonjaji Mkuu alikuwa Mzungu, na wasaidizi wake wawili walikuwa watoto wa nyumba za biashara zilizojuana na kampuni tangu zamani. Nafasi zao hazikutangazwa popote. Mtu alimwambia mtu mezani, yule akamleta mwanawe. Weusi tulikuwa tele katika kampuni ile, lakini sote tulikuwa chini, tukitoboa, tukibeba, tukiosha vikombe, na mmoja, yaani mimi, akiandika. Sikuona ajabu wakati huo. Niliona ndivyo chai ilivyo.

Kilichonipandisha mimi si wema wa mtu. Vibali vya kazi vya wageni vilianza kubanwa, na wakurugenzi wakataka uso mweusi mezani kabla hawajaulizwa. Mwonjaji Mkuu alinitazama mimi kwa kuwa nilikuwa karibu. Akanipangia vikombe kumi na viwili, akaniambia viwili kati yao ni chai moja, nimtafutie hao pacha. Hilo ndilo jaribio la kazi yetu hadi leo, na mtu hawezi kulibabaisha. Nilipita na kijiko mara mbili, nikamwonyesha kikombe cha tatu na cha kumi. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha mashambani.

"Ulimi iko," alisema. "Maneno bado."

Maneno ya kueleza ladha aliyokuwa nayo yeye yalikuwa ya mikate na biskuti za kwao ambazo sijawahi kuzitia mdomoni, nami niliyahifadhi yote kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu. Baada ya miaka nikawa mwonjaji msaidizi. Alipostaafu akaenda kwao, nikawa Mwonjaji Mkuu, mweusi wa kwanza katika kampuni ile kushika kijiko hicho. Picha yangu ilitundikwa ukumbini. Sitawadanganya, nililipenda sana neno "wa kwanza". Harusini nilitambulishwa kwalo, misibani nilitambulishwa kwalo, na kila mara nilijifanya silipendi.

Nilikaa na neno hilo miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuingia mweusi mwingine.

Aliyeniambia hivyo usoni alikuwa Bi Mkamburi, Afisa wa Ajira mpya, Mtaita aliyelingana umri na binti yangu wa pili. Mwezi wake wa kwanza alipanda ghorofani akaniuliza, kwa upole wote, tangu mimi ameingia nani. Nilimjibu kwamba milango iko wazi ila wanaokuja hawafai. Akauliza wanakuja vipi ikiwa nafasi hazitangazwi. Nikamwambia wapo wanaojiandikia wenyewe kuomba kazi, nami huwaita, nami huwaona. Yote hayo yalikuwa kweli. Nilimwona mtoto wa juzi anayetaka kunifundisha chai, na siku ile sikula vizuri.

Mwaka uliofuata ilipatikana nafasi moja ya mwanafunzi wa kuonja, na Bi Mkamburi akaitangaza gazetini, vyuoni, hata kwenye ubao wa chifu. Aliwachuja waombaji wakabaki sita, akaniletea niwajaribu. Wawili walikuwa wa nyumba zile zile za chai, mmoja wao mpwa wa mkurugenzi wetu. Wanne walikuwa weusi. Mmoja wa hao wanne alikuwa binti wa Mji wa Kale aitwaye Mwanaidi, aliyesomea sayansi ya vyakula na kumaliza kwa alama nzuri.

Desturi yangu ilikuwa kuwapokea mlangoni mimi mwenyewe. Mwanaidi alipopanda ngazi nilimnusa kabla sijamwona. Buibui lake lilikuwa limefukizwa udi wa uhakika, na ndani ya mtandio alikuwa amechomeka asmini. Aliniamkia shikamoo kwa sauti ya mtoto aliyelelewa. Nilimwitikia marahaba, nikamwambia asubiri nje, kisha nikamtuma karani akamwambie aende, tutamwandikia. Kijana aliyemfuata, Kazungu wa Kisauni, alikuwa amejipaka mafuta ya nazi yenye marashi hadi anang'aa. Naye vivyo hivyo. Wengine wawili, mmoja alikuwa ametoka kula bajia za pilipili, mwingine ana sigara kooni. Wale wa nyumba za chai waliingia wakiwa safi kama maji ya kisima, wakaonja, na yule mpwa akawapata pacha. Kwenye fomu nne niliandika neno moja moja, "hakufaa", nikatia sahihi.

Kesho yake Bi Mkamburi aliziweka fomu nne mezani pangu. Hakuketi.

"Mzee Athmani, hapa umeandika hakufaa. Hakufaa nini?"

Nilimweleza habari ya udi na marashi, na jinsi chai inavyokula harufu. Nilieleza kwa urefu, kama mwalimu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema ameelewa, na sharti lenyewe ameona ni la haki. Kisha akauliza kama waliambiwa.

"Hawakuuliza," nikamjibu. "Kuuliza si ujinga."

"Mtu ataulizaje asilolijua? Wale wawili waliuliza, au walilikuta kwao mezani?" Alizisogeza fomu karibu yangu. "Na wewe, mzee wangu, siku yako ya kwanza, ulijua, au kuna aliyekwambia?"

Wallahi nilihisi ule mkono wa Mzee Charo kwenye kiwiko changu. Nilikuwa nimeshamsahau. Si kwamba nilimsahau jina. Nilisahau kwamba pasipo yeye na koti lake la kaki, mimi ningekuwa mtu aliyepanda ngazi siku moja akinukia na hakurudi tena. Kwa miaka yote nilisimulia habari zangu kuanzia kwenye vile vikombe kumi na viwili, kwamba nilipata kwa ulimi wangu. Nyani haoni kundule. Nilimwambia Bi Mkamburi aniachie fomu zile, nikakaa nazo peke yangu mpaka chumba kikafungwa.

Barua ya kumwajiri yule mpwa ilikuwa itoke Jumatatu. Nilikwenda kwa mkurugenzi, mjomba wake, nikamwambia jaribio limeharibika na lirudiwe, wote wakiwa wamepewa masharti mapema. Alikuwa mtu mpole, na hakunipandishia sauti hata mara moja. Alisema kuwapa watu masharti mapema ni kuwapa majibu. Nikamwambia masharti hayamwonyeshi mtu pacha walipo. Ndipo akanipiga pale palipouma.

"Athmani," alisema, "ukikubali kwamba hawa umewakosea, utasemaje kuhusu wale wote uliowaandikia neno hilo kabla yao?"

Nilimwomba jaribio lirudiwe tu, akakubali kwa shingo upande.

Kuwaarifu wale wanne ingetosha kwa simu, lakini kwa yule wa Mji wa Kale nilikwenda mwenyewe. Alasiri ile nilipiga hodi nyumbani kwao, chumba na ukumbi katika kichochoro kinachoteremka kuelekea Forodhani. Mamake, Bi Rukia, alikuwa na kofia ya vito, zile za matundu ya sindano, mapajani akiishona. Alinijua kwa sura na kwa ukoo, akanikaribisha.

"Pita ndani, babangu. Nyumba yako hini. Yeo tumepata mgeni."

Kabla sijafungua mdomo alikwishaanza kuniuliza mwanawe alivyoonekana siku ile, maana alimtengeneza yeye mwenyewe, udi aliutia wa Idi, ule aliouweka. Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alionekana kama mtu aliyekwishajua kwamba barua haiji.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani. Yote yalipotea. Nikasema tu kwamba chumbani kwetu harufu hairuhusiwi, kwamba hakuambiwa, na kwamba nilimrudisha mlangoni kwa ajili ya udi, nikamwandikia hakufaa.

Bi Rukia aliiweka kofia chini. "Basi ni miye n'liyemharibia," alisema.

"Si wewe, Bi Rukia. Wewe ulifanya la mzazi. Mama yangu mimi alinifanyia hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyejua nikanyamaza."

Aibu niliyoiona siku ile sijaiona mahali pengine. Mwanamke yule alikuwa ameutoa udi wake mzuri kuliko wote, nami niliuchukua nikaufanya kosa. Mwanaidi alitoka mlangoni mwa jikoni. Aliuliza, kana kwamba anahakikisha hesabu, iwapo hakuonja hata kikombe kimoja kabla ya kuandikiwa hafai. Nikamwambia ndivyo.

"Basi niiteni nionje, ami," alisema. "Nikishindwa kwa ulimi, sitakuwa na neno."

Bi Mkamburi aliandika karatasi ya masharti, ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: usifukize nguo, usijipake cha kunukia, usile kitunguu wala pilipili, usivute sigara, na jaribio lenyewe litakuwa hivi na hivi. Ikapelekwa kwa wote sita. Wakarudi watano. Kazungu hakupatikana, alikuwa amekwishapata kazi ya ulinzi Ghuba na kuondoka. Hilo nalo niandikieni mimi.

Vikombe vilipangwa na Bi Mkamburi, si mimi, na majibu yaliandikwa bila majina. Yule mpwa aliwapata pacha tena, na niseme haki yake, kijana yule alikuwa na ulimi. Aliandika maneno yote ya vitabuni. Karatasi nyingine iliyowapata pacha ilikuwa na mistari miwili tu. Ilisema kikombe cha nne na cha tisa ni chai moja, ila cha tisa maji yake yalichemshwa mara mbili. Mimi nilikuwa nimevipitia vikombe vile asubuhi ile na sikuliona hilo. Nilimwita mwoshaji vikombe aliyetia maji, akakiri kwamba birika lilipungua naye akalirudisha motoni. Karatasi ile ilikuwa ya Mwanaidi.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akatia sahihi barua kwa jina la Mwanaidi. Mpwa wake alipata kazi kwa dalali mwingine, na hadi leo tukikutana hunisalimu vizuri.

Nilimfundisha Mwanaidi miaka mitano. Hakuwa mwanafunzi wa kunifurahisha. Alibishana nami juu ya rangi ya majani, na mara nyingi alikuwa sahihi. Ile karatasi ya masharti ikawa desturi, na baada yake wakaingia wawili wengine, kijana wa Likoni na binti wa Kericho ambaye wazazi wake walichuma chai tuliyoiuza. Siku hizi ukipanda ghorofani pale hutajua kwamba palikuwa na wakati mtu mweusi alikaa pale peke yake akifurahi kuwa peke yake.

Wiki yangu ya mwisho, Mwanaidi, aliyekuwa ameteuliwa kunirithi, aliingia na bunda la fomu zilizofungwa kwa kamba. Zilikuwa za wale waliojiandikia wenyewe kuomba kazi katika miaka yangu ya ukuu. Alisema Bi Mkamburi amezipata stoo.

"Sikuzileta kukuaibisha, ami," alisema. "Nataka kujua tu wangapi walionja."

Aliniachia kalamu akaenda zake. Anayeonja huandikiwa karatasi ya vikombe, ikabanwa nyuma ya fomu. Nilizigeuza moja moja. Chache zilikuwa na karatasi hiyo, na hao walishindwa kwa haki. Nyingi hazikuwa na kitu nyuma. Mbele kulikuwa na picha ndogo ya kijana aliyevaa vizuri, na chini mwandiko wangu ule ule, "hakufaa". Kwenye kila moja ya hizo nilikata neno langu, nikaandika juu yake "hakuambiwa", nikatia sahihi upya na tarehe ya siku ile. Ilinichukua asubuhi nzima, kwa sababu nilizitazama picha.

Mmoja wao namjua. Ana duka la kanga Biashara Street, na ndiye ninayemnunulia mke wangu doti kila Idi. Huninyanyukia kitini, huniita mwalimu, huniagizia kahawa hata duka likiwa limejaa watu. Hajawahi kuitaja siku aliyopanda zile ngazi, nami sikuwa nimemkumbuka mpaka nilipoiona picha. Nimestaafu sasa mwaka wa pili na nimekwisha kupita mbele ya duka lake mara nyingi, nikisalimu kwa mkono nikiwa mbali. Juzi nilimwomba Mwanaidi nakala ya fomu ya mwenye duka huyo, akanipa bila kuniuliza ya nini. Iko hapa mezani ninapoandika. Duka hufunguliwa saa tatu, na mke wangu amekwishanitolea viatu.